Otopailoti si GPS, wala haikuanza jana

Otopailoti ni mtambo unaoishika ndege isiyumbe: mabawa yakae sawa, pua isipande wala kushuka, mwelekeo ubaki ule uliowekwa. Basi, hiyo ndiyo maana yake, na ningeishia hapo lau si mzozo usiokwisha, wa kama kuitumia ni wizi, miongoni mwetu wa shirika pepe la ndege tunaorusha ndege za abiria za zamani kwenye simuleta, programu ya kompyuta inayoiga urushaji, hapa Mombasa.

Kwa asiyejua, shirika pepe la ndege lina ratiba, njia na vyeo vya marubani, ila ndege zenyewe zimo ndani ya kompyuta. Hakuna tiketi, hakuna mshahara, wala si ule mchezo wa kubashiri wa kindege kinachopaa na pesa za kodi ya nyumba. Unachagua safari, unairusha kwa muda wake halisi, programu inakuandikia saa zako. Sisi tumejifunga na ndege za enzi ya East African Airways, shirika lililoanza 1946 na kufa 1977: DC-3, Comet 4, Fokker Friendship, Super VC10. GPS, ule mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo, ni marufuku, kwa sababu marubani wa wakati ule hawakuwa nayo.

Balaa linaanzia hapo. Mtu akiwasha otopailoti ya DC-3 akiwa juu ya Voi, mwenzake anamrukia: "Yakhe, huo ni wizi! Ndege za zamani zilirushwa kwa mkono!"

Zilirushwa kwa mkono, ndiyo, na kwa otopailoti pia. Mnamo Juni 1914, Lawrence Sperry, kijana wa Kimarekani, alipita juu ya mto Seine karibu na Paris mbele ya waamuzi wa mashindano, mikono yake yote miwili ameiinua hewani, na fundi wake, Emil Cachin, amesimama juu ya bawa. Ndege haikupinduka. Kilichoishikilia ni jairo, yaani magurudumu yanayozunguka kwa kasi kubwa na kukataa kuinamishwa. Mwaka 1933 Wiley Post aliizunguka dunia peke yake kwa chini ya siku 8, akisaidiwa na mtambo wa Sperry. DC-3 yenyewe iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. Kwa hiyo anayesema otopailoti ni ya ndege za kisasa amechelewa zaidi ya miaka 20 kabla hata hatujafika kwenye ndege anayoizungumzia.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi zaidi, maana hata wenye saa nyingi wanalo: kudhani kwamba otopailoti inajua iendako.

Meli ikiingia Kilindini, rubani wa bandari hupanda, akasimama karibu na nahodha, akawa anaelekeza: kushoto kidogo, haya, shika hapo hapo. Anayeushika usukani ni baharia mwingine. Yeye kazi yake ni kuutii mwelekeo aliopewa. Mwamba uko wapi si shauri lake. Otopailoti ni huyo baharia wa usukani, aliyepewa cheo cha rubani bila kukisomea. Na asili yake ni ya baharini kweli: Elmer Sperry, baba yake Lawrence, alikuwa akitengeneza dira za jairo za meli za kivita kabla mwanawe hajaipeleka jairo angani.

Otopailoti ya DC-3 inaifuata dira yake ya jairo kama kipofu. Dira hiyo haina sumaku. Wewe ndiye unayeipanga kwa kuangalia dira ya sumaku, na kuanzia hapo inapotoka polepole. Sehemu ya upotofu huo inatokana na dunia kuzunguka, na hapa kwetu tuna bahati: karibu na ikweta ni kama nyuzi 1 tu kwa saa, wakati London ni karibu nyuzi 12. Unaobaki ni wa msuguano ndani ya chombo chenyewe, na huo hauchagui bara. Ubaya wake ni kwamba huoni kitu. Jairo ikipotoka, otopailoti inageuka nayo, namba kwenye kioo inabaki ile ile, na ndege ndiyo inayokwenda kombo. Kimo nacho ni vivyo hivyo: mtambo ule unashika pembe ya pua, haushiki futi, kwa hiyo ndege ikipata hewa inayopanda itapanda nayo.

Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 420 kwa hewa, mwendo wa saa moja na nusu kwa DC-3. Ukikosea nyuzi 5 tangu mwanzo na usirekebishe, utafika pwani kilomita 37 hivi pembeni. Ukiwa umepotea kushoto, utatokea kati ya Vipingo na Takaungu. Kulia, kati ya Diani na Gazi. Otopailoti itakufikisha huko ikiwa imenyooka vizuri kabisa.

Kinachojua njia ni kitu kingine. Zamani kilikuwa ni mtu mwenye ramani, saa na redio za kutafutia vituo vya ardhini. Baadaye otopailoti ziliunganishwa na redio hizo, na kompyuta ya safari, ile unayoiandikia njia nzima kabla ya kuondoka, ilizoeleka na ndege kama Boeing 767 iliyoanza kubeba abiria 1982. Ukiona ndege ya leo "inajirusha", unachokiona ni kompyuta hiyo ikimwamrisha baharia wetu.

Kwa hiyo ukimwona mwenzako kwenye DC-3 na kikombe cha kahawa mkononi, usukani unasogea wenyewe, usimwite mwizi. Muulize dira yake ya jairo aliisahihisha lini. Akiwa anaisahihisha angalau kila robo saa hivi, yuko kazini. Lakini kama skrini yake ina ramani yenye mstari wa rangi unaomvuta hadi uwanja wa ndege wa hapa, Port Reitz, hapo mwambie kwa upole aizime GPS. Otopailoti aiache.