Ekadashi: siku ya kumi na moja ya mwezi na mfungo wa Wahindu

Tulipokuwa watoto, nyumba ya jirani ilikuwa ya bibi mmoja wa Kigujarati. Tulimwita Ba, kama wajukuu zake walivyomwita. Siku nyingi harufu ya chapati na dengu ilivuka ukuta kabla ya adhana ya adhuhuri. Lakini zilikuwepo siku ambazo jiko lake lilinyamaza. Ukiingia kwake unamkuta ameketi na tasbihi yake ya mbao, mbele yake sahani ya karanga na kipande cha muhogo wa kuchemsha.

"Ba, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Leo agiyaras. Nimefunga."

Mtoto aliyelelewa na Ramadhani akisikia "nimefunga" huku anaona muhogo kwenye sahani, hana budi kushangaa. Funga gani hii ya kula mchana? Na kwa nini huja mara mbili kwa mwezi, bila tarehe maalumu, mara Jumanne, mara Ijumaa? Ilinichukua miaka kulielewa neno lile moja.

Agiyaras ni Kigujarati. Kwa Kisanskriti ni Ekadashi: eka ni moja, dasha ni kumi, yaani ya kumi na moja. Ni siku ya kumi na moja tangu mwezi mpya, na tena ya kumi na moja tangu mwezi mpevu. Wahindu wana siku nyingi za kufunga, lakini hii ndiyo inayorudi kila baada ya wiki mbili mwaka mzima, na ukiielewa hii nyingine zote zinafunguka. (Nasema Wahindu, wafuasi wa dini, ambao wazee wa pwani waliwaita Mabanyani. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Waislamu, Masingasinga, Wajaini au Wakristo. Tunayachanganya maneno haya mno.)

Wavuvi wetu wanajua kuwa mwezi ni saa. Bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, na katikati yake maji huwa mafu. Kalenda ya Kihindu nayo imesimama juu ya nusu hizo mbili. Nusu ya kwanza, mwezi unapokua, huitwa Shukla, nyeupe. Nusu ya pili, unapopungua, huitwa Krishna, nyeusi. Kila nusu ina vipande 15 viitwavyo tithi, na cha kumi na moja ndicho Ekadashi. Tofauti na Waislamu, Wahindu hawasubiri mwezi uandame uonekane kwa macho. Wanauhesabu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Tithi si siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi unachukua kuliacha jua nyuma kwa nyuzi 12 angani. Gawa nyuzi 360 kwa 12, unapata tithi 30, ndio mwezi mzima. Na kwa kuwa mwezi hauna mwendo mmoja, mara huharakisha, mara hujikokota, tithi moja huweza kwisha kwa saa 20 hivi na nyingine ikakaribia saa 27. Basi siku inaitwaje? Inaitwa kwa tithi iliyokuwepo jua lilipochomoza. Ndiyo maana tithi fulani huweza kuanza na kwisha kati ya macheo mawili ikakosa siku yake kabisa, na nyingine ikapata siku mbili.

Tuseme tithi ya kumi na moja inakwisha saa 1:00 asubuhi kwa saa za India, baada ya kudumu saa 24 kamili, na mjini Ahmedabad, Gujarat, jua limechomoza saa 12:30. Jua limeikuta, kwa hiyo kule leo ni Ekadashi. Lakini saa 1:00 ya India kwetu ni saa 10:30 alfajiri. Dar es Salaam bado ni giza, na jua likija kuchomoza mnamo saa 12:15 litaikuta tithi ya kumi na mbili. Kwa Dar, Ekadashi ilikuwa jana. Binti aliyeko Dar na mama yake aliyeko Gujarat watafunga siku mbili tofauti, na wote wawili watakuwa sahihi. Hivyo basi kila nyumba yenye kushika mfungo huwa na panchang, kalenda ya nyota na tithi, na aliye makini hutafuta iliyopigiwa hesabu kwa macheo ya mji wake. Isitoshe, baadhi ya wafuasi wa Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, hawaihesabu siku hiyo kama tithi ya kumi ilikuwa bado imeingia katika alfajiri yake. Hao husogeza mfungo hadi kesho yake. Ukiona kalenda imeandika Ekadashi mara mbili mfululizo, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Sisi tunaona matokeo yake kwenye Ramadhani, inayotembea majira yote ya mwaka. Wahindu wao huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu takriban kila baada ya miaka miwili na miezi minane, sikukuu zao zikabaki karibu na majira yake. Mwaka wa kawaida una Ekadashi 24. Mwaka wenye mwezi wa ziada una 26, na kila moja ina jina na kisa chake.

Sasa maana. Kiswahili kinasema kufunga, kama mtu afungaye mlango: kinywa kimezuiwa. Neno la Kisanskriti ni upavasa, na ndani yake mna upa, karibu, na vasa, kukaa. Kufunga ni kukaa karibu na Mungu. Nadhani hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, na ndipo lilipojibiwa swali langu la utotoni juu ya ule muhogo. Chakula hupunguzwa ili moyo upate nafasi. Mwingine hukaa bila kitu, mwingine hunywa maji tu, mwingine hula matunda na maziwa, mwingine hula mlo mmoja mwepesi, kila mtu kwa nadhiri yake na afya yake. Mgonjwa, mjamzito na mtoto hawabanwi. Siku yenyewe hupita katika sala, kuimba majina ya Mungu na kuyasikiliza masimulizi ya dini.

Ekadashi ni siku ya Vishnu, mhifadhi wa ulimwengu. Kisa chake kimo katika Padma Purana, mojawapo ya vitabu vya kale vya masimulizi ya dini. Jini aitwaye Mura aliwashinda miungu wote, na Vishnu akapigana naye muda mrefu, kisha akaingia pangoni huko Badari, kwenye milima ya Himalaya, kupumzika. Mura akamfuata amuue usingizini. Hapo akatokea mwanamwali kutoka mwilini mwa Vishnu mwenyewe, akamkabili yule jini na kumuua. Vishnu alipoamka alimwita Ekadashi, kwa kuwa alizaliwa siku ya kumi na moja, akamwahidi kwamba atakayefunga siku yake atasafishwa dhambi. Husimuliwa pia kwamba dhambi, ikikimbia siku hiyo, hujificha ndani ya nafaka. Basi wali hauliwi, ngano hailiwi, na dengu, choroko na kunde nazo huwekwa kando. Walimu wengine hueleza idadi yenyewe: milango mitano ya fahamu, viungo vitano vya kutenda, na akili iwe ya kumi na moja. Vyote hivyo ndivyo vinavyofungishwa.

Kilichobaki ndicho chakula cha mfungo, faral. Viazi, viazi vitamu, karanga, maziwa, matunda, mbegu za mchicha. Chumvi ya kawaida huachwa, hutumika ya mwamba. Mfalme wa mlo huo ni sabudana, punje nyeupe kama lulu ndogo. Ba alizilowesha tangu usiku, asubuhi akazichuja mpaka zikawa kavu kwa nje na laini kwa ndani, kisha akazikaanga kwa samli na bizari nyembamba, pilipili mbichi, vipande vya viazi na karanga alizozikaanga na kuzitwanga. Punje ikiiva hugeuka kutoka nyeupe ikawa kama kioo, na hapo hapo alitoa sufuria, maana dakika mbili zaidi ni gundi. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba sabudana ya India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Muhogo wenyewe Wagujarati wa Afrika Mashariki huuita mogo, neno walilolichukua kwetu na kwenda nalo hadi London.

Ngumu kuliko zote ni Nirjala, "bila maji", ya nusu nyeupe ya mwezi wa Jyeshtha. Huangukia Mei au Juni, joto la kaskazini mwa India likiwa kileleni kabla ya mvua za masika yao. Inaitwa pia ya Bhima, yule mwenye nguvu kati ya ndugu watano wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Mama yake na ndugu zake walifunga Ekadashi zote. Yeye hakuweza, lakabu yake ni Vrikodara, mwenye tumbo la mbwa mwitu. Alimwendea babu yao Vyasa akakiri kwamba njaa humwaka tumboni kama moto. Vyasa akampa siku moja tu katika mwaka, bila chakula na bila hata tone la maji, thawabu yake iwe sawa na zote. Nakipenda kisa hiki kwa sababu dini imemfungulia mlango mtu dhaifu wa jambo hili, bila kumwondolea kazi.

Mwezi unaofuata, Vishnu hulala. Kuanzia Ekadashi nyeupe ya Ashadha hadi ile ya Kartika ni miezi minne ya mvua, Chaturmas, na wacha Mungu huongeza nadhiri. Gandhi amesimulia katika tawasifu yake jinsi mama yake, Putlibai, alivyoapa katika msimu mmoja kutokula mpaka alione jua. Watoto walisimama nje wakiliangalia wingu. Jua likichungulia walikimbia kumwita, naye akitoka, limeshafichwa. "Si kitu," alisema kwa furaha, "Mungu hakutaka nile leo," akarudi kwenye kazi zake.

Tithi nyingine nazo zina wenyewe. Ya nne ya nusu nyeusi ni ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na mfungo hufunguliwa mwezi ukichomoza usiku. Ya kumi na tatu ni ya Shiva, mungu mwingine mkuu, naye huabudiwa jua likizama. Usiku wa Shiva mkuu, Mahashivaratri, huja Februari au Machi mwezi ukikaribia kutoweka kabisa, na watu hufunga na kukesha. Wagujarati, ambao mwezi wao huanza baada ya mwezi mpya, huuhesabu katika mwezi wa Magha, na watu wa kaskazini, ambao wao huanza baada ya mwezi mpevu, katika Phalguna, na ni usiku uleule.

Mfungo wa Ekadashi haujakamilika mpaka ufunguliwe, nao una saa yake: asubuhi ya siku ya kumi na mbili, kabla tithi hiyo haijakwisha. Bhagavata Purana inamtaja mfalme Ambarisha, aliyezishika Ekadashi mwaka mzima. Siku ya kufungua akapata mgeni, Durvasa, mtawa mwenye hasira kali. Mgeni alikubali kula, akaenda kwanza kuoga mtoni Yamuna, akakawia. Tithi inakwisha. Kula kabla ya mgeni ni aibu, kuipitisha saa ni kuharibu nadhiri. Mfalme akauliza makuhani, kisha akanywa maji kidogo, kwa kuwa maji ni kula na si kula. Durvasa aliporudi aliona amedharauliwa, akaung'oa unywele wake na kuugeuza jini la kumuua mfalme. Gurudumu la moto la Vishnu likaliteketeza jini, likaanza kumfukuza Durvasa mbingu zote, hata akaambiwa hakuna wa kumwokoa ila yule aliyemkosea. Alirudi baada ya mwaka, akaanguka miguuni pa Ambarisha. Mfalme alimwombea, gurudumu likatulia. Muda wote ule alikuwa akiishi kwa maji tu, akimsubiri mgeni wake. Akaagiza chakula, akamlisha Durvasa hadi akashiba, ndipo naye akala.