Mtoto asiyefika shuleni si lazima awe mtoro

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba mtoto asiyehudhuria masomo ni mtoro, au wazazi wake hawathamini elimu. Imani hiyo huwaonea wengi. Katika eneo la Chalan Beel, kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, maji ya mvua za monsuni hufunika njia za vijijini kwa miezi kadhaa, hata mtoto mwenye miguu mizima hukosa pa kukanyaga, seuze anayetembelea magongo. Mwaka 2002 shirika la Shidhulai Swanirvar Sangstha, lililoanzishwa na msanifu majengo Mohammed Rezwan, lilianza kutumia mashua kama madarasa: chombo hupita ukingoni mwa mto kikiwachukua wanafunzi mmoja mmoja, kisha hufungwa kando na somo likaanza humohumo, chini ya paa lenye paneli za sola. Aliyebadilika hapo si mtoto wala mzazi, ni shule. Ndivyo lilivyotaka Tamko la Salamanca la 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, kwamba shule ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za kimwili, kiakili au kijamii, na naamini ukaguzi wa mahudhurio ungepaswa kuanzia njiani, kabla ya kufungua daftari la majina.