Picha ya nyuzi 360 kando ya ziwa: yanayosemwa na yalivyo

Jioni jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani jijini Mwanza, utamkuta mtu ufukweni anazungusha simu kwa panorama, kisha anawaambia wenzake amepiga picha ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtazamaji ajione yuko pale pale. Bado hajaipiga. Panorama ya kawaida ni utepe: ina kushoto na kulia, ila haina anga la utosini wala mwamba alioukanyaga. Picha ya duara kamili hufunika nyuzi 360 kuzunguka na nyuzi 180 kutoka juu hadi chini, ndiyo maana faili lake likitandazwa upana huwa mara mbili ya kimo. Mtazamaji akiinua shingo akakuta weusi, ile hisia ya kuwa Mwanza inamtoka papo hapo.

Dhana inayowakatisha tamaa vijana wengi ni kwamba bila kamera ya bei mbaya hufanyi kitu. Simu inatosha, na programu ya kuunga picha kama Hugin ni ya bure. Kinachoharibu kazi ni jinsi tunavyozunguka. Wengi husimama wakageuka kwa visigino, mkono umenyooshwa, na lenzi nayo inatembea duara pana. Jaribu hivi: inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine. Kidole kinahama, ukuta wa nyuma umetulia. Vivyo hivyo mtumbwi ulio hatua mbili kutoka kwako unahama mbele ya mwamba wa mbali kila lenzi inaposogea, na programu haijui ishike lipi. Matokeo yake ni mtumbwi uliokatika katikati na mwamba wenye ufa ambao haupo. Kwenye mchanga mtupu kosa hili hujificha. Mwanza, ambako mawe yanakugusa magoti, halifichiki.

Kwa hiyo wewe uizunguke lenzi, lenzi yenyewe isihame. Kama huna stendi, fanya kama fundi mwashi na timazi yake: funga uzi wenye uzito chini ya lenzi, weka alama juu ya jiwe, na kila unapogeuka hakikisha uzito uko juu ya alama ileile. Kila picha iingiane na jirani yake kwa karibu theluthi moja. Funga pia kipimo cha mwanga kabla ya kuanza, maana upande wa jua na upande wa mji vitatofautiana mno na anga litatoka na viraka.

Kamera ndogo ya lenzi mbili nayo wengi wanaidhania imemaliza matatizo yote. Kwenye kivuko cha Kamanga siioni mpinzani, kwa sababu hunasa pande zote kwa wakati mmoja, na chombo kinachoyumba hakikusubiri upige picha moja moja. Lakini lenzi zake mbili haziko mahali pamoja. Mtu akisimama karibu, pale picha zinapoungana, bega lake litapinda. Mwelekezee lenzi moja.

Kuitazama, miwani ya uhalisia pepe si lazima: simu nyingi huzungusha picha kadiri unavyozigeuza. Ila faili lenye upana wa pikseli 4,000 si kubwa kama linavyosikika, kwa kuwa jicho linaloona nyuzi 90 linapata robo tu, pikseli 1,000.

Kuhusu kushiriki, nasikitika kila ninapoona kazi nzuri ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa, taarifa zinazoiambia programu kwamba hili ni duara zinapotea, na ndugu yako anapokea utepe uliovutika. Itume kama faili la hati, au iweke kwenye tovuti kwa kutumia Pannellum, programu ya bure ya kuonyesha picha za duara kwenye tovuti.

Kisha kuna wanaosema mahali pa umma hapahitaji ruhusa. Kamera hii haina nyuma. Pale soko la samaki la Mwaloni, mama anayepanga dagaa wake mgongoni mwako anaamini hayumo, kumbe yumo, uso wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Mwamkie, mweleze kwamba kamera inaona pande zote, umwonyeshe kwenye simu. Akikataa, subiri aondoke au ufifishe uso wake kabla hujaituma.