Feni haipulizi baridi: kupoza tangi dogo la maji ya chumvi hapa Uganda

Nimeambiwa tena wiki hii, na mtu mwenye mawe hai mazuri (mawe ya baharini yaliyojaa viumbe wadogo), matumbawe laini na taa ya bei kubwa, kwamba feni haiwezi kumsaidia. Hoja yake: "Hewa ya sebuleni kwangu ina nyuzi 28. Feni itapuliza hizohizo nyuzi 28. Maji yatashukaje chini ya hapo?" Maji yake yalikuwa nyuzi 30, matumbawe yamejikunja, samaki wanapumua mbiombio karibu na uso wa maji, naye anatumbukiza chupa za barafu asubuhi na jioni. Hoja hii nimeisikia Ntinda, mtaa wa Kampala, nimeisikia Entebbe, nimeisikia kwa simu kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi, na kutoka Mombasa, tena kwa watu makini wanaopenda viumbe wao. Inaua. Ndiyo maana nimeamua kuiandikia.

Feni haipozi maji kwa kuyapulizia hewa baridi. Inayapoza kwa kuyahimiza yageuke mvuke. Lita moja ya maji ikiondoka kama mvuke katika joto la kawaida la tangi, inaondoka na takriban kilojuli 2,430 za joto, na joto hilo linatolewa na maji yaliyobaki. Mtungi wa udongo kwenye kona ya nyumba ya bibi una maji baridi kuliko hewa ya chumba chenyewe, na hakuna mjukuu aliyewahi kubisha kwamba haiwezekani. Maji yanapenya udongo, yanakaukia nje, yanachukua joto la yale ya ndani. Kazi ni ileile. Feni inachofanya ni kuondoa ile hewa iliyoshiba unyevu juu ya maji na kuleta nyingine yenye nafasi ya kupokea mvuke.

Tuweke hesabu, kwa sababu bila hesabu ubishi hauishi. Lita moja inayopotea kwa siku ni sawa na kuondoa wati 28 za joto mchana na usiku bila kupumzika. Pampu ya wati 20 iliyozama ndani ya tangi inaacha karibu wati zote 20 majini. Kwa hiyo lita moja tu kwa siku inafuta joto la pampu hiyo na kubakiza ziada. Feni mbili za kompyuta za volti 12, kila moja ikila wati mbili au tatu, juu ya tangi la lita 80, zinaweza kukuondolea lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Lita mbili ni wati 56.

Sasa linganisha na barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka na kufika nyuzi 26 inachukua kama kilojuli 440. Yaani lita moja ya mvuke inafanya kazi ya zaidi ya kilo tano za barafu. Tena barafu inafanya kazi yake yote kwa mkupuo: chupa ya lita moja inalishusha tangi la lita 80 kwa karibu nyuzi moja na nusu ndani ya muda mfupi, kisha joto linapanda tena, kisha chupa nyingine. Matumbawe hayo yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, halafu mwenyewe ananiuliza kwa nini hayafunguki. Ndugu yangu, acha barafu. Iwekee siku ya dharura.

Turudi kwenye ile hoja ya nyuzi 28, maana ndiyo inayoniudhi na ndiyo yenye utamu. Kweli kuna kikomo. Feni haiwezi kupoza maji bila mwisho. Lakini kikomo hicho si joto la hewa unalosoma ukutani. Chukua kipimajoto cha kawaida, funga ncha yake kwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kiweke mbele ya feni, subiri dakika kumi. Namba itakayobaki hapo ndiyo kikomo chako. Hakuna feni itakayoyashusha maji chini ya namba hiyo, na tangi halisi halitaifikia, kwa sababu joto linaingia kupitia vioo, taa na pampu. Lakini ndiyo namba inayokuambia kama una nafasi ya kufanya kazi au huna.

Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 60, ambayo ni mchana wa kawaida kabisa Kampala, inakupa namba ya karibu 22 kwenye kitambaa. Kuna nafasi kubwa. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ambayo mtu wa pwani anaijua mwilini mwake, inakupa karibu 27. Nafasi imekwisha. Ndiyo maana rafiki yako wa Mombasa aliyekuambia feni hazifai hakukudanganya. Alikuambia ukweli wa kwake. Wewe uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, jioni yako ina ubaridi, unyevu wako wa alasiri una huruma. Usichukue ushauri wa mwambao ukauweka Ntinda bila kuupima.

Gulu ndiko watu wanakoshangaa zaidi. Kiangazi cha Desemba hadi Februari hewa inaweza kufika nyuzi 34, lakini unyevu ukishuka hadi asilimia 30, kitambaa kinasoma kama 21. Mahali penye joto kali kuliko Kampala, feni ina nguvu kuliko Kampala! Gharama yake ni maji: tangi litakunywa ndoo baada ya ndoo, na usipokuwepo siku mbili utakuta pampu inavuta hewa. Entebbe, karibu na ziwa, nafasi ni ndogo kidogo, lakini ipo.

Ukishaelewa hilo, mambo mengine yanajipanga. Feni inayopuliza kioo kutoka ubavuni inafanya kazi kidogo mno, kwa hiyo ielekeze kwenye uso wa maji, kwa mshazari, hewa ipite juu yote na kutoka upande wa pili. Kifuniko cha kioo kiondoke, uweke wavu, kwa sababu samaki wengi wa miamba wanaruka. Tangi pana linapoa vizuri kuliko tangi refu jembamba la ujazo uleule. Na dirisha lifunguliwe. Mvuke wa lita mbili kwa siku ndani ya chumba kilichofungwa unapandisha unyevu, unyevu unapandisha namba ya kitambaa, na feni inazidi kuchoka huku ukuta ukiota ukungu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambapo feni nne zilikuwa zinapiga kelele na joto halishuki. Chumba hakikuwa na hata kidirisha kilichofunguliwa. Tulifungua dirisha lenye wavu wa mbu, feni mbili zikazimwa, maji yakashuka.

Kabla ya hayo yote, tafuta joto linatoka wapi. Tangi lililopokea jua la alasiri dirishani halihitaji feni, linahitaji kuhamishwa. Pampu kongwe kubwa kuliko tangi, ibadilishe. Taa iliyobanwa chini ya boksi, ipe hewa.

Sasa chumvi. Hapa ndipo tangi linalopozwa kwa feni linapokufa mikononi mwa mtu mwenye nia njema. Kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi haigeuki mvuke. Kwa hiyo unajazia maji yasiyo na chumvi, kila siku, hadi kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Watu wananibishia: "Lakini ni tangi la bahari, nikiweka maji matamu si nitawaua?" Fanya hesabu ya tangi la lita 80 lenye gramu 35 kwa lita. Linapoteza lita mbili kwa siku, nawe unarudisha lita mbili za maji ya chumvi. Umeongeza gramu 70 za chumvi leo, gramu 70 kesho. Baada ya wiki moja una gramu 41 kwa lita. Konokono na kamba wanatangulia, matumbawe yanafuata, na unalaumu feni. Usipojazia kabisa mambo ni mabaya vilevile: wiki moja inakufikisha zaidi ya 42. Nunua rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Mtu aliyesafirisha chumvi ya tangi kutoka nje ya nchi, maana sisi bahari hatuna, hawezi kusema hana fedha ya kifaa cha kuipimia.

Na hayo maji ya kujazia yatoke wapi? Lita mbili kwa siku ni lita 60 kwa mwezi, ndani ya tangi la lita 80. Chochote kilichomo kwenye maji ya bomba kinabaki, kinalundikana, mwani unashangilia. Klorini inaweza kuondolewa, lakini fosfeti na silika haziondoki kwa kuacha ndoo wazi usiku. Maji ya mvua yanawavutia wengi kwa kuwa ni ya bure na hayana madini mengi, na mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zinatujazia mapipa. Shida ni paa. Mabati yetu yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo. Ya kunywa ng'ombe sawa, ya matumbawe hapana. Chujio la osmosisi, linalosukuma maji kupitia utando unaozuia karibu kila kilichoyeyuka humo, ndilo jibu langu, ingawa linamwaga maji mengi kuliko linayotoa, na najua kwa nyumba inayonunua maji kwa mtungi hilo linauma.

Umeme nitausema kwa ufupi. Tumia volti 12, si feni ya 240 juu ya maji ya chumvi. Waya uteremke chini ya soketi kisha upande, ili tone likitambaa lidondokee sakafuni. Feni italiwa na chumvi, hiyo ni hakika, kwa hiyo weka ya akiba kabatini.

Feni iwe na thamostati, kifaa cha kuiwasha na kuizima kulingana na joto la maji. Usiku wa Kampala unashuka hadi nyuzi 17 au 18, na feni isiyozimwa itapoza maji huku hita ikiyachemsha, nawe unalipia zote mbili. Mimi huwasha feni kwenye 26.5 na hita kwenye 24.5. Katikati hakuna kinachofanya kazi, na ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu namba hizo zenyewe, sitaki kujifanya mtume. Vitabu vingi vinasema 24 hadi 26 kana kwamba zimeandikwa kwenye jiwe. Bahari ya pwani ya Kenya inakaa karibu 25 mwezi wa Agosti na kupanda hadi 29 au zaidi kidogo Machi na Aprili, na miamba inaishi. Joto la bahari linapozidi nyuzi moja juu ya kilele ambacho miamba imezoea, kwa wiki kadhaa, ndipo miamba inapopauka, kama ilivyopauka vibaya mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo je, tangi linalokaa 27.5 bila kuyumba ni baya kuliko linalokaa 26 likiyumba? Naelekea kusema hapana, ila siwezi kuapa, na nimeona matangi ya namna zote mbili yakistawi. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua utulivu.

Sababu inayonifanya niwe mkali kuhusu nyuzi 30 hapa kwetu ni oksijeni, na hii nashangaa haisemwi. Maji ya bahari ya nyuzi 25 usawa wa bahari yanabeba karibu miligramu 6.75 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 yanabeba karibu 6.2. Kwenye mwinuko wa Kampala kanieneo ya hewa (mgandamizo wake) ni pungufu, na oksijeni inashuka kwa takriban asilimia 13. Yetu ya nyuzi 25 yanabeba kama 5.9. Soma tena: tangi la Kampala lililopoa vizuri lina oksijeni pungufu kuliko tangi la Mombasa lenye nyuzi 30. La Kampala lenye nyuzi 30 lina kama 5.4, na usiku matumbawe, mwani na bakteria wote wanaigombania hiyohiyo. Wale samaki wa sebuleni waliokuwa wanapumua mbiombio hawakuwa wagonjwa.

Basi umeme ukikatika na una betri moja ya volti 12, usiwashe feni kwanza. Washa pampu ya hewa au pampu ya mzunguko, uso wa maji utikisike. Joto linapanda polepole, una saa kadhaa. Oksijeni haikupi saa hizo. Betri ikiwa na nguvu ya kutosha zote mbili, ndipo uongeze feni, ukianza na ile inayopuliza mahali maji yanapotibuka zaidi.