Matokeo hayajatoka kwa sababu hayapo

Jana usiku nimepata tena ule ujumbe. "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu, naona majina ya wenzangu yametoka la kwangu halimo, kwahiyo nimeshakubali matokeo." Leo ni katikati ya Machi. Tangu Februari nimejibu jumbe za aina hii, za watu walioaplai PhD Marekani, mpaka vidole vimechoka, kwahiyo naandika hapa mara moja, mwenye mwenzake anayekosa usingizi amtumie linki.

Hakuna majina yaliyotoka. Na hayo matokeo uliyoyakubali hakuna aliyekupa.

Mimi nafundisha isimu kwenye chuo kimoja cha serikali huku Marekani na nimekaa kwenye kamati ya udahili wa PhD misimu sita. Kabla ya hapo nilikuwa upande wenu, Sinza pale Dar, na modemu ya USB inayokata kila dakika kumi, nafungua imeili saa nane usiku naifunga naifungua tena. Ile hali naijua mwilini kabisa. Ndo maana hii imani inaniuma, maana inawatesa watu bure na saa ingine inawakosesha nafasi.

Sisi Watanzania tumelelewa na NECTA, baraza la mitihani. Unafanya mtihani, unasahihishwa, alama zako zipo mahali, siku moja Katibu Mtendaji anakaa mbele ya kamera anatangaza na dakika hiyohiyo nchi nzima inajua. Ukitoka hapo unakutana na TCU, tume ya vyuo vikuu, raundi ya kwanza, raundi ya pili za udahili, halafu HESLB, bodi ya mikopo, nako batchi ya kwanza batchi ya pili. Kila kitu kina siku yake ya "kutoka". Sasa mtu anamaliza digrii yake UDOM au Mlimani, anaaplai PhD Marekani, anabaki na picha ileile kichwani: kuna karani ana karatasi yenye jina langu, pembeni pameshaandikwa amepita au hajapita, kinachochelewa ni kuniambia tu. Na kama mwenzangu ameshaambiwa basi langu ni baya.

Ngoja nieleze kinachofanyika.

Dedilaini nyingi ni 1 Desemba au 15 Desemba. Krismasi hakuna anayesoma kitu. Januari mafaili yanagawanywa, kila faili watu wawili watatu wanalisoma, tunakutana, tunabishana. Hapa napita haraka maana kila mtu analielewa hili. Kisichoeleweka ni kwamba idara haianzi na swali la nani anafaa. Inaanza na hela. PhD nyingi za huku unalipiwa ada na unapewa posho, na hiyo posho lazima itoke mahali: ufundishaji wa madarasa ya mwaka wa kwanza, au mradi wa utafiti wa profesa fulani, au feloshipu ya chuo. Ofisi ya mkuu wa kitivo ndo inatuambia mwaka huu mna nafasi ngapi, na hiyo namba saa ingine inakuja mwisho wa Januari, saa ingine inakuja halafu inapunguzwa. Wanaofaa huwa ni wengi kuliko nafasi kila mwaka, sijawahi kuona mwaka ambao hawakuwa wengi. Kwahiyo mezani maswali ni mengine kabisa: huyu tutamlipa kwa hela ipi, na nani atamsimamia. Kama profesa wa fonolojia, yaani mifumo ya sauti za lugha, ana wanafunzi watatu tayari na mwakani anaenda likizo ya utafiti, basi faili la fonolojia lizuri kiasi gani litapata shida, na mwenye faili hatajua kamwe kwamba shida ilikuwa ni likizo ya mtu.

Mimi nimewahi kupigania faili moja vikao viwili mfululizo. Likashindwa kwa sababu profesa wa fani ile alikuwa anakaribia kustaafu. Mwombaji, nilivyokuja kusikia kwa watu, mpaka leo anaamini GPA, wastani wa alama zake, ndo ilimwangusha.

Na kwa kuwa nimetaja GPA: vyuo vyetu vingi Tanzania GPA ya juu kabisa ni 5, huku Marekani ni 4. Mtu ana 3.8 ya 5, hiyo ni Upper Second nzuri tu, anaandika 3.8 peke yake, msomaji anadhani ni 3.8 ya 4, anafurahi, halafu anafungua transkripti anaona haziendani anaanza kujiuliza kama kadanganywa. Andikeni "3.8 kati ya 5.0" kila mahali. Kila mahali jamani.

Turudi. Tuseme idara ina nafasi sita. Haitoi ofa sita, inatoa labda nane au tisa maana inajua wengine wataenda kwingine. Ikitoa kumi na mbili na wote wakakubali, hela za mwakani zimeliwa, kwahiyo tunatoa kwa woga. Hawa tisa ndo hao "wenzangu wametoka" mnaowaona Februari. Sasa tunasubiri, na sisi tunasubiri kweli, kwa sababu ya tarehe moja: 15 Aprili. Kuna makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili la Marekani, vyuo vingi wamesaini (siyo vyote), yanasema mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya 15 Aprili. Ni makubaliano mazuri, yanamlinda mwombaji asisukumwe. Lakini angalia yanavyofanya kwa wa kumi na wa kumi na moja. Mtu mwenye ofa tano anazikalia zote tano mpaka tarehe 13, ana haki hiyo, na nyuma ya kila ofa kuna mtu Kisumu au Bujumbura au Accra anayesubiri. Yaani matokeo yako yapo kichwani kwa mtu usiyemjua, na yeye mwenyewe bado hajaamua. Hakuna karatasi. Hakuna karani. Hata ukinishika koo mwezi Machi nikwambie, sina cha kukwambia.

Miaka kadhaa nyuma, sitataja mwaka, tulipata imeili kutoka kwa kijana mmoja wa Mwanza. Tarehe 20 na kitu Machi. Ameandika kwa adabu sana, anashukuru kwa muda wetu, ameelewa ukimya wetu, anaomba kuondoa maombi yake maana amepata kazi ya kujitolea na hataki kuishi kwa matumaini ya uongo. Faili lake nilikuwa nimelisoma mimi. Alikuwa wa pili kwenye orodha ya kusubiri. Tarehe 14 Aprili watu wawili walikataa ofa zetu siku moja. Nilimwandikia siku hiyohiyo kuuliza kama inaweza kurudishwa, akanijibu baada ya wiki, nafasi ilishaenda.

Lile jambo sijalisahau, na sehemu kubwa ya kosa ni yetu. Hakujua kama yuko kwenye orodha kwa sababu idara nyingi zina orodha mbili, ile rasmi ambayo watu wanaandikiwa barua, na ile ya mezani ambayo hatumwambii mtu. Nimeshauliza kwenye vikao kwa nini hatuwaambii. Jibu ni kwamba hatutaki kuwapa tumaini ambalo huenda tusilitimize. Mimi naona jibu hilo linatulinda sisi zaidi ya wao, nimesema hivyo, nimeshindwa kwa kura. Ndo ujue basi kwamba kukataliwa huwa kunatumwa kwa mkupuo, mara nyingi Aprili mwishoni, vyuo vingine Mei, maana mpaka hapo tulikuwa hatujui kama tutakuhitaji.

Sasa potali. Hapa nipeni dakika maana hapa ndo uvumilivu unaniisha.

Vyuo vingi vinatumia mfumo mmoja unaoitwa Slate. Ukishatuma maombi unaona ukurasa wa statasi: imepokelewa, barua za rekomendesheni zimefika, inapitiwa. Watu wanaukodolea macho ule ukurasa kama mganga anavyosoma ramli. "Mwalimu, jana kulikuwa na alama ya tiki leo haipo." "Mwalimu, imebadilika kutoka imepokelewa kuwa inapitiwa, hii inamaanisha nini?" Inamaanisha mfanyakazi wa ofisi ya masomo ya uzamili amefika kazini akabonyeza kitufe kwa mafaili mia mbili kwa pamoja. Ndo hivyo tu. Kamati haiigusi ile statasi. Mimi sijawahi hata siku moja kuingia nikabadilisha statasi ya mtu, sina ruhusa hiyo. Idara inapendekeza, ofisi kuu ndo inatoa barua rasmi, na kati ya hapo kuna kukagua transkripti, cheti cha Kiingereza, uthibitisho wa hela. Kwahiyo habari njema mara nyingi inaanza na imeili ya mkuu wa programu au profesa mwenyewe, "tungependa kukupendekeza", na potali inaendelea kusema inapitiwa wiki mbili tatu baadaye. Ukikaa unaangalia potali unaangalia mahali panapojua mwisho.

Na usiku. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa saba usiku ya Dar, ikishafika Machi saa zao zikisogezwa ni saa sita. Ofisi zimefungwa. Ukikesha mpaka saa tisa unasubiri watu ambao wako nyumbani wanakula. Jumamosi na Jumapili hakuna ofisi. Najua kuna profesa mmoja mmoja anaandika Jumapili usiku, na mimi nimeshafanya hivyo, ila hiyo imeili itakuwepo ukiamka.

Intavyuu: inategemea fani. Kwenye biomedikali wanaita watu Januari na Februari, kule ukiona Machi hujaitwa basi kweli hali siyo nzuri, sitakudanganya. Kwenye isimu, historia na fasihi idara nyingi hazifanyi intavyuu kabisa. Msilinganishe. Uingereza nako ni milango miwili, kudahiliwa ni mlango mmoja na ufadhili ni mwingine, unaweza kupata barua Februari na hela usijue mpaka Juni, kwahiyo mkiona mtu kapost barua ya chuo cha Uingereza msidhani kashaondoka.

Kuna mambo na mimi siyajui, na sitaki mniandikie kama nina majibu yote. Sijui kama tunachagua vizuri. Faili ambalo mtu amelitolea jasho miezi sita mimi nalisoma kwa muda mfupi kuliko mnavyopenda kusikia, jioni, baada ya kufundisha. Nimeona mwanafunzi tuliyemweka wa mwisho akawa bora kuliko wote, na tuliyemgombania akaondoka mwaka wa pili. Barua za rekomendesheni za kwetu zinaandikwa kwa ufupi na heshima, "ni kijana mwenye nidhamu na bidii", wenzangu wakisoma wanaona ni baridi maana wamezoea barua za kurasa mbili za sifa, mimi nawaeleza kila mwaka, na sina uhakika nikiwa sipo kwenye kamati nani anaeleza.

Na tangu 2025 hata ile kalenda niliyoieleza imelegea. Februari mwaka ule NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, walitangaza kushusha gharama za uendeshaji wanazolipa vyuo juu ya ruzuku za utafiti hadi asilimia 15, ikapelekwa mahakamani ikazuiwa, lakini vyuo vilishaogopa, vingine vikasimamisha au kupunguza udahili wa PhD katikati ya msimu, na Machi shule ya tiba ya UMass Chan ikaondoa ofa zilizokuwa zimeshatolewa. Watu waliokuwa na ofa mkononi. Nani hapo alishindwa mtihani? Hakuna.

Cha kufanya sasa. Ikifika katikati ya Machi kama hujasikia kitu, andika imeili moja kwa mratibu wa programu, siyo kwa profesa, siyo kwa watu watano kwa pamoja. Mistari mitatu: jina na namba ya maombi, bado una nia, unaomba kujua kama maombi yako bado yako hai na lini utegemee jibu. Kama una ofa nyingine yenye tarehe, itaje, hiyo inatusaidia sana kupeleka faili lako mbele. Haikuharibii. Imeili moja haijawahi kumharibia mtu niliyemwona. Ya kila wiki ndo inachosha. Na usijiondoe. Kubali kazi, saini mkataba, endelea na maisha, hilo ni jambo la busara kabisa, lakini maombi yaache palepale, hayakuli kitu.

Na wewe uliyepata ofa mbili na moyoni umeshaamua, ile usiyoitaka iachie leo. Usisubiri tarehe 14. Nimekwambia nyuma yake kuna nani.

Huyu wa jana nimemuuliza, una barua ya kukataliwa? Akasema hana. Nimemwambia aandike Jumatatu saa kumi jioni, kule itakuwa saa tatu asubuhi, mratibu ndo anafungua kompyuta. Amesema ataandika. Akijibiwa, na akiniruhusu, nitaongeza hapa chini.