Je, wajua kwa nini hakuna kidonge cha kufungua vali ya moyo iliyobana?

Jirani yangu huku Kadutu, mjini Bukavu, ni mwalimu mstaafu ambaye zamani alipanda mlima kutoka sokoni bila kusimama. Siku hizi husimama mara tatu, mkono ukutani, akitafuta pumzi. Baada ya kupimwa ekografia ya moyo, yaani picha ya moyo ukiwa kazini, aliambiwa kwamba vali yake ya aota imebana, na kwamba hakuna dawa ya kuifungua. "Mwanangu," aliniuliza, "presha ina vidonge, sukari ina vidonge. Huu mlango mmoja ndio umewashinda?"

Umewashinda kweli, wala si kwa kukosa kujaribu.

Vali ya aota ni mlango wenye vipande vitatu vyembamba, pale damu inapotoka moyoni kuingia katika mshipa mkuu. Kwa mtu mzima mwenye afya, nafasi yake ikifunguka hufikia sentimita 3 hadi 4 za mraba. Ikishuka chini ya 1, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, kuta zake hunenepa, na mgonjwa aweza kukaa miaka bila kusikia lolote, mpaka pumzi ianze kumkatika, kifua kumbana au azimie. Kwetu, penye milima kila upande, dalili hizo husingiziwa uzee kwa urahisi mno.

Wengi hudhani kwamba chokaa hujigandisha kwenye vali kama inavyoganda ndani ya birika la chai, na hata madaktari walifikiri karibu hivyo kwa muda mrefu. Uchunguzi wa vali zilizotolewa kwa upasuaji ulionyesha jambo jingine: seli za vali yenyewe hubadilika na kuanza kufanya kazi kama zile zinazojenga mifupa, hata baadhi ya vali hukutwa na mfupa halisi ndani yake. Humo pia mlikutwa kolesteroli, aina ya mafuta ya damuni, kama katika mishipa iliyoziba, na hapo ndipo matumaini yalipoanzia. Ikiwa vidonge viitwavyo statini hushusha kolesteroli na kulinda mishipa, huenda zingelinda na vali.

Rekodi za wagonjwa zilionekana kukubali, lakini rekodi peke yake hudanganya, kwa sababu anayepewa dawa fulani mara nyingi hutofautiana na asiyepewa kwa mambo mengi mengine. Kwa hiyo watafiti waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa na wengine vidonge visivyo na kitu. Utafiti mdogo wa Scotland, wenye wagonjwa 155, ulitoa majibu mwaka 2005. Ule mkubwa wa Ulaya ulioitwa SEAS, wenye wagonjwa 1,873, ulifuata mwaka 2008. Katika SEAS kolesteroli mbaya ilishuka kwa zaidi ya nusu, lakini vali ziliendelea kubana vilevile. Pengine moto ulikuwa umekwisha kuhama: mafuta huenda huanzisha ugonjwa, lakini ujenzi wa mfupa ukishashika kasi hauyahitaji tena.

Basi ilibaki kubadilisha mlango wenyewe, ama kwa kupasua kifua, ama kwa kupitisha vali mpya iliyokunjwa ndani ya mshipa wa paja, njia ambayo daktari Alain Cribier aliitumia kwa mtu kwa mara ya kwanza huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, ingawa siku ile alipitia mshipa unaorudisha damu moyoni, si ule unaoitoa moyoni kama ilivyo kawaida sasa. Utafiti wa PARTNER wa mwaka 2010 ulichukua wagonjwa 358 ambao hawakuweza kupasuliwa: baada ya mwaka mmoja walikuwa wamefariki asilimia 30.7 ya waliowekewa vali hiyo, dhidi ya asilimia 50.7 ya waliopata matibabu ya kawaida.

Wagonjwa hao walikuwa wazee, wengi wa miaka zaidi ya 80. Barani kwetu kuna pia vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na kwa hao dawa ipo, mradi iwahi. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda kwa watoto 818 ambao ekografia ilionyesha vali zao zimeanza kuharibika, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama koo la mjukuu wake limeshapona.