Bunduki za "Where Eagles Dare": silaha ni za kweli, ufyatuaji ni wa sinema

Wageni wengi wanaofika kwenye kabati letu la silaha za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huenda moja kwa moja kwenye MP40, bunduki fupi ya Kijerumani inayofyatua risasi mfululizo. Wameiona kwenye filamu, na filamu inayotajwa sana ni Where Eagles Dare ya mwaka 1968. Humo Richard Burton na Clint Eastwood, wamevaa sare za Kijerumani, wanapenya ngome ya milimani kumtoa jenerali wa Kimarekani. Ngome yenyewe ipo kweli: ni Hohenwerfen, karibu na Salzburg, Austria.

Kipande kisichosahaulika ni kile cha korido. Burton yuko kwenye redio, na Eastwood anawazuia askari wa Kijerumani akiwa na MP40 mbili, moja kila mkono. Wanaanguka mmoja baada ya mwingine.

Tupige hesabu. Magazini, yaani kasha la risasi, ya MP40 inabeba risasi 32. Bunduki hiyo hutoa risasi zipatazo 500 kwa dakika, yaani nane hivi kwa sekunde. Ukikandamiza kifyatulio bila kuachia, baada ya sekunde nne umebaki na chuma kitupu. Kubadilisha magazini kunataka mkono wa pili, na aliyeshika bunduki mbili hana mkono wa pili. Kila moja ina uzito wa kilo 4 hivi kabla ya kujazwa risasi, na iliundwa ishikwe kwa mikono yote miwili, kitako kikiwa begani. Ndiyo maana askari aliyefunzwa alifyatua risasi chache chache, akapumzisha kidole, akalenga tena.

Ukiikaribia bunduki yetu, tazama kimkono kidogo cha kukokia kilichoko ubavuni kushoto. Kimetengenezwa kwa vipande viwili, na kipande kimoja husukumwa ndani kikafunga bolti, yaani chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza na kufyatua risasi, isitembee. Marekebisho hayo yalikuja kwa sababu ya ajali. Katika bunduki za mwanzo, ikidondoka au ikigonga ardhi kitako kwanza, bolti iliweza kurudi nyuma kwa mshtuko, ikazoa risasi na kuifyatua bila mtu kugusa kifyatulio. Anayepigwa na risasi hiyo anaweza kuwa mwenzako aliyesimama kando.

Filamu za vita pia humpa karibu kila Mjerumani MP40. Uhalisia ulikuwa tofauti: katika kikosi kidogo cha askari wa miguu, bunduki hiyo kwa kawaida ilikuwa ya kiongozi, na wengi walibeba Mauser Kar98k, ambayo hujazwa risasi tano na hukokwa kwa mkono kila unapofyatua. Hata askari wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walitegemea zaidi Lee-Enfield ya risasi kumi, nayo ya kukoka kwa mkono.

Suala la kizuia sauti linanikera zaidi, kwa kuwa hapa watu hudanganyika kabisa. Kwenye filamu bastola inatoa kamlio kadogo na aliye chumba cha pili hasikii kitu. Mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio papo hapo, na kizuia sauti hupunguza desibeli kama 20 hadi 30 tu. Zaidi ya hapo, risasi ya milimita 9 ya MP40 huruka kwa kasi kuliko sauti, hivyo hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe hata mtutu ukinyamazishwa. Waingereza waliotaka bastola ya kijasusi iliyo kimya kweli walitengeneza Welrod: bomba jeusi, baya kwa sura, lisilo na jina la kiwanda. Mtumiaji aliikoka kwa mkono kila risasi ili mitambo isigonge, na vizuizi vya mpira vya ndani vilichakaa baada ya kufyatua mara chache. Hakuna mwigizaji ambaye angependeza nayo.

Jambo la mwisho linawahusu hasa watayarishaji wetu wa filamu. Bunduki za sinema za enzi ile zilifyatua risasi za baridi, zenye baruti bila kichwa cha risasi. Watu huzichukulia kama mchezo. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea bastola yenye risasi za baridi kichwani kwa utani akiwa kazini. Msukumo wa gesi ulivunja fuvu lake na akafariki siku chache baadaye. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa kwa sababu kichwa cha risasi kilikwama ndani ya mtutu bila kugunduliwa, kisha risasi ya baridi ikakisukuma nje.

Kwa hiyo kwenye seti, toa magazini, fungua chemba, angalia kwa macho, mulika mtutu kwa tochi uone mwanga upande wa pili, kisha mkabidhi mwenzako naye arudie mbele yako. Mwigizaji asielekeze mtutu kwa mtu, aulenge kando ya mtu huyo. Kamera ikiwekwa pembeni, mtazamaji haoni tofauti.